Je, Utabiri wa Mvua Ulisema Kweli?

Niko Kashikishi, ukingoni mwa Ziwa Mweru, ninakofanya biashara ya samaki wakavu. Huku mvua huanza mnamo Novemba na kwisha Aprili. Tangu Desemba hadi mwisho wa Februari serikali ya Zambia hufunga uvuvi ili samaki wazaane, na hapo watu wengi hutegemea mashamba yao. Basi mvua kwetu si mazungumzo ya kupitisha wakati, ni chakula.

Mwaka 2023, kabla ya masika yetu, nilisikia katika redio kwamba kuna El Niño, yaani maji ya Bahari ya Pasifiki yamepata joto kupita desturi, na kwamba huenda mvua zikapungua kusini mwa Afrika. Nikamwambia jirani yangu, mama mmoja mzaliwa wa Kilwa ya ng'ambo, upande wa Kongo: "Mama, mwaka huu hakuna mvua." Akaacha kupanda mahindi, akapanda muhogo mtupu. Mvua zikanyesha. Akaniambia, "Mwanangu, redio yako imenidanganya."

Neno hilo liliniuma, nikataka kujua ni nani hasa aliyekosa.

Kwanza, utabiri wa msimu hausemi "itanyesha" wala "haitanyesha." Wataalamu huchukua mvua za miaka 30 iliyopita, wakaipanga miaka hiyo kutoka mkavu kabisa hadi ule wa mvua nyingi kabisa, kisha wakaigawa mafungu matatu ya miaka 10: mvua pungufu, mvua ya kawaida, na mvua ya kuzidi. Asiyejua lo lote angesema kila fungu lina nafasi 33 katika 100. Mtaalamu akiona dalili za baharini huweza kusema, mathalani, pungufu 40, kawaida 35, kuzidi 25. Tazameni: hata hapo mvua pungufu ina nafasi 40 tu, na nafasi 60 ni za kutokuwa hivyo! Mwenye kugeuza maneno hayo kuwa "ukame unakuja" ameongeza yake.

Pili, kila utabiri una mahali pake. El Niño mara nyingi hukausha kusini mwa Afrika, na huzidisha mvua za vuli Afrika Mashariki. Sisi wa Kashikishi tuko kati ya pande hizo mbili, na dalili hizo si wazi kwetu. Msimu ule wa 2023/24 ukame ulikuja kweli, lakini ulipiga zaidi kusini na katikati ya Zambia. Tarehe 29 Februari 2024 Rais Hakainde Hichilema aliutangaza kuwa msiba wa taifa, wilaya 84 kati ya 116 zikiwa zimeathirika. Basi redio haikukosa. Aliyekosa ni mimi, niliyechukua habari za Choma nikazileta Kashikishi.

Tatu, mwaka mmoja hautoshi kuhukumu. Septemba 1997 wataalamu wa nchi za kusini mwa Afrika walikutana Kadoma, Zimbabwe, wakatoa utabiri wao wa kwanza wa pamoja. El Niño ya mwaka ule ilikuwa kubwa mno, nao wakaonya kwamba nafasi ya mvua pungufu imeongezeka. Wengi wakasikia "njaa." Huko Zimbabwe wako wakulima waliopunguza mashamba, lakini ukame mkubwa ulioogopwa haukufika. Je, utabiri ulikuwa uongo? Mwaka mmoja hauwezi kujibu. Yafaa kukusanya utabiri wote uliosema 40. Ukiwa wa kweli, jambo litatokea kiasi cha mara 4 katika kila 10.

Wala tusimsifu mtu asemaye Julai hakuna mvua Kashikishi, maana hata mtoto ajua. Utabiri wastahili sifa ukimshinda yule asemaye 33 kila mwaka.

Siku hizi nina kopo la kupimia mvua uani, na daftari. Utabiri ukitolewa naandika maneno yake yenyewe na nafasi zote tatu, kabla mvua haijaanza, kwa kuwa moyo wa mtu hukumbuka yale yanayompendeza. Kila asubuhi saa mbili nasoma kopo. Aprili najumlisha na kulinganisha.

Jirani yangu naye haulizi tena kama mvua itanyesha. Huuliza, "Mwanangu, nafasi ngapi, na ni za wapi?" Kisha hupanda muhogo na mahindi pia.

Enyi wanafunzi, kopo na daftari si gharama kubwa. Darasa linalotoka lilikabidhi darasa linaloingia, wala ukurasa wo wote usichanwe, hata ule wa kuaibisha. Baada ya miaka 10 shule itaweza kusema kwa haki ni utabiri upi wa kutegemewa, na kwa kiasi gani.