Gari Lililogeuzwa, Faini za Barabarani na Sahihi ya Mtu Mmoja

Katika nyumba nyingi za Pwani yetu, gari si chombo cha mtu mmoja. Asubuhi baba hulitumia kwendea kazini, mchana mama hulichukua kuwatoa watoto skuli na kuwapeleka madrasa, na mwisho wa wiki kijana wa nyumba huomba funguo. Fomu ya bima, hata hivyo, huwa na sahihi moja tu. Aliyeitia sahihi hiyo amebeba ahadi juu ya gari zima na juu ya kila anayeliendesha, ijapokuwa pengine hajui rimu zilibadilishwa lini, wala hajui ni nani aliyetozwa faini ya mwendo wa kasi katika barabara ya Malindi.

Makala haya yanawahusu wale ambao gari lao limefanyiwa mageuzi na fundi, au ambao katika nyumba yao yumo aliyekwisha kuingia makosani barabarani, na sasa wanataka kukata au kufufua bima. Wengi hudhani kuwa njia nyepesi ni kunyamaza. Ukweli ni kwamba bima ya gari la namna hiyo hupatikana, na mara nyingi ziada yake si kubwa. Linaloiharibu bima ni kimya.

Kinga za aina mbili

Sheria ya bima ya magari, ambayo ni Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, inakataza gari kutumiwa barabarani bila ya bima ya kuwakinga watu wengine. Kinga inayolazimishwa na sheria hiyo ni ya kifo na majeraha ya mwili. Uharibifu wa mali, kama vile ukuta wa jirani au gari la mtu mwingine, hutegemea yaliyoandikwa katika mkataba wenyewe. Aidha, tangu marekebisho ya mwaka 2006, sheria imeweka ukomo wa shilingi milioni 3 kwa dai la mtu mmoja. Mahakama ikiamua kiasi kinachozidi hapo, ziada humrudia mwenye gari.

Aina ya pili ni bima kamili, ambayo pamoja na kuwakinga wengine hulikinga gari lenyewe dhidi ya ajali, moto na wizi. Kwa kawaida ada yake huhesabiwa kwa asilimia ya thamani ya gari, na ndiyo maana kampuni humtuma mthamini alitazame kabla ya kulikubali. Bima hii ndiyo inayoguswa mno na mageuzi, kwani mageuzi hubadilisha mambo mawili kwa pamoja: thamani ya gari na hatari yake.

Mageuzi ni yapi?

Magari mengi tunayoyaendesha hushuka bandarini Mombasa yakiwa yamekwisha kutumika ng'ambo. Yakishafika, kila mwenye nyumba huwa na haja yake. Mwenye biashara huongeza springi za nyuma ili gari libebe mzigo. Kijana hulishusha chini, akatia rimu pana na ekzosi yenye mngurumo. Mwengine hutia vioo vya giza, redio kubwa au taa kali. Yuko anayebadilisha injini iliyochoka kwa nyingine yenye nguvu zaidi, na yuko anayeongeza viti ili abebe wanafunzi wa mtaani. Yako pia mageuzi ya haja ya kweli, kama breki na kichapuzi cha mkono kwa dereva mwenye ulemavu wa miguu.

Kampuni ya bima huyatazama mageuzi hayo kwa mafungu. Fungu la kwanza ni mapambo na vifaa, kama redio na rimu. Hivi huongeza thamani na humvutia mwizi, na mikataba mingi huviwekea kiwango maalumu cha fidia. Asiyevitaja asitaraji kulipwa thamani yake vikiibwa. Fungu la pili ni yale yanayogusa mwendo na usalama: injini, breki, springi, magurudumu. Gari lililoinuliwa nyuma hulala vingine kwenye kona, na gari lililotiwa injini yenye nguvu bila kubadilishwa breki huchelewa kusimama. Fungu la tatu ni matumizi. Gari lililokatiwa bima ya matumizi ya nyumbani likianza kubeba abiria au mzigo kwa malipo, hata kama halikuguswa na fundi, limekwisha kutoka nje ya mkataba wake.

Ipo na hati ya umiliki, ile inayojulikana kwa jina la logibuku. Hati hiyo hutaja rangi ya gari, aina ya bodi na nambari ya injini. Anayebadilisha chochote katika hivyo anapaswa kuiarifu Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama, NTSA, ili kumbukumbu zirekebishwe. Pasipo kufanya hivyo, siku ya dai mkaguzi hukuta injini yenye nambari moja na karatasi yenye nambari nyingine, na maswali yanayofuata huwa mazito kuliko ajali yenyewe.

Kwa nini kimya huvunja mkataba

Mkataba wa bima hautegemei tu yale uliyoulizwa. Unategemea uaminifu wa pande zote mbili. Msingi huu tumeurithi kutoka sheria ya Uingereza, na umeelezwa tangu mwaka 1766 katika kesi ya Carter dhidi ya Boehm. Kesi hiyo ilihusu ngome ya Waingereza katika kisiwa cha Sumatra. Gavana wake aliikatia bima dhidi ya kutekwa na adui wa kigeni, Wafaransa wakaiteka, na mtoa bima akakataa kulipa kwa madai kwamba alifichwa udhaifu wa ngome. Jaji, Lord Mansfield, alieleza kuwa mwenye mali ndiye aijuaye hali yake, na mtoa bima huyategemea maneno yake. Kwa hiyo haimfalii kuficha. Hata hivyo gavana alishinda, kwa kuwa hatari za mahali kama pale mtoa bima alizijua au alipaswa kuzijua.

Kesi hiyo inatufunza pande mbili. Mwombaji asifiche. Na kampuni iliyokwisha kuambiwa haiwezi kugeuka baadaye ikadai haikujua. Kwa sababu hiyo, lililoandikwa kwenye fomu huwa ni ngao ya mwenye gari, si mtego wake.

Tuchukue mfano. Mama mmoja wa Kisauni analifufua bima ya gari la nyumba. Penye swali la mageuzi anaandika hapana, kwa kuwa hana habari kuwa mwanawe amelishusha chini na kuongeza nguvu ya injini. Miezi minne baadaye kijana anamgonga mpita njia, na gari linaangukia ukuta. Nini hufuata?

Kwa gari lenyewe, kampuni ina haki ya kukataa kulitengeneza, kwa kuwa ilikatia bima gari jingine kwa hali. Kwa aliyejeruhiwa, sheria imemtazama zaidi. Sura ya 405 inasema kuwa masharti ya mkataba yanayohusu hali ya gari, au umri wa dereva, hayawezi kutumiwa kumnyima majeruhi haki yake. Lakini kampuni ikilipa kwa sababu hiyo tu, inaruhusiwa kumdai mwenye bima alichokilipa. Zaidi ya hayo, kampuni inaweza kwenda mahakamani, kabla ya kesi ya majeruhi kuanza au ndani ya miezi mitatu tangu ianze, kuomba itamkwe kuwa bima ilipatikana kwa kuficha jambo zito au kwa maelezo ya uongo. Ikipata tamko hilo, mzigo wote huiangukia familia. Hapo ndipo kiwanja, dhahabu za mama na akiba ya ada za watoto zinapoanza kutajwa.

Ziada ambayo angelilipa kwa kulitaja gari kama lilivyo haiwezi kulinganishwa na hasara hiyo.

Faini za barabarani

Tangu mwaka 2016 makosa madogo ya barabarani yana kanuni zake na faini zilizopangwa. Kwa mwendo, anayezidisha kilomita 1 hadi 5 kwa saa hupewa onyo. 6 hadi 10, shilingi 500. 11 hadi 15, shilingi 3,000. Na 16 hadi 20, shilingi 10,000. Jedwali linakomea hapo. Anayevuka kiwango hicho huwa ametoka katika makosa madogo.

Hapa mageuzi na faini hukutana kwa njia ambayo wengi hawaitambui. Mshale wa mwendo huhesabu mizunguko ya gurudumu. Ukitia magurudumu yaliyo makubwa kwa asilimia 10 kuliko ya asili, kila mzunguko hulipeleka gari mbali zaidi, na mshale usipopimwa upya husema pungufu. Ikiwa zamani ulikuwa sahihi, sasa ukionyesha 60, gari liko 66. Mjini, ambapo kikomo ni 50, dereva hudhani amezidisha 10 na kwamba faini yake ni shilingi 500, kumbe amezidisha 16 na faini ni shilingi 10,000. Mageuzi yaliyofanywa kwa ajili ya sura yamemtia makosani bila ya yeye kujua.

Je, faini hizo huathiri bima? Fomu za maombi kwa kawaida huuliza kama mwombaji, au yeyote atakayeliendesha gari, amewahi kutiwa hatiani kwa kosa la barabarani, amepata ajali, au amekataliwa na kampuni nyingine. Tazama maneno haya, yeyote atakayeliendesha. Swali halimhusu mwenye sahihi peke yake. Linamgusa mume, kijana na dereva wa kuajiriwa. Faini moja ndogo aghalabu haimnyimi mtu bima. Makosa yanayojirudia, au kosa kubwa kama kuendesha kwa hatari, huweza kuongeza ada au kiasi cha hasara ambacho mwenye gari hujilipia mwenyewe kabla ya kampuni kutoa chake. Kama huna hakika iwapo faini iliyolipwa inaingia katika swali hilo, iandike, na tarehe yake. Iache kampuni iamue kuwa haina uzito.

Namna ya kuomba bima kwa usalama

Kwanza, kabla ya kuitwaa fomu, wakalishe wote wanaoliendesha gari. Waulize kwa upole lililobadilishwa, lini, na fundi gani. Kijana aulizwe bila ya vitisho, kwani atakayeogopa atasema hakuna.

Pili, andika orodha ya mageuzi yote, hata lile dogo, na uweke risiti na picha za gari pande zote.

Tatu, hakikisha logibuku inalingana na gari: rangi, bodi na injini.

Nne, mwambie mthamini akuonyeshe vifaa hivyo katika ripoti yake. Thamani isiyoandikwa hapo ni vigumu kuidai baadaye.

Tano, usimwachie wakala akujazie fomu ukatia sahihi tu. Wakala akikwambia, "Bi mkubwa, hilo si lazima kulitaja," mwombe akuandikie maneno hayo. Asipokubali kuyaandika, umekwisha kupata jibu. Shika nakala ya fomu uliyoijaza.

Sita, lolote likibadilika katikati ya mwaka, iarifu kampuni kwa maandishi kabla ya tarehe ya kufufua.

Kampuni moja ikikataa, usikate tamaa. Kila kampuni ina kipimo chake cha hatari, na dalali wa bima aliyesajiliwa huweza kuuliza kwa niaba yako penye kampuni kadhaa. Yako mageuzi ambayo ni nafuu kuyaondoa kuliko kuyalipia, kama springi zilizokatwa. Ukiona umedhulumiwa katika dai, milango ya Mamlaka ya Kudhibiti Bima iko wazi kwa malalamiko.

Wapo wasomaji wetu wanaopendelea takaful, ambayo imekuwapo nchini tangu mwaka 2011. Humo washiriki huchangia mfuko mmoja wa kusaidiana, na kila mmoja hufidiwa kutoka humo. Isidhaniwe kuwa huko maswali ni mepesi zaidi. Anayeficha mageuzi ya gari lake katika takaful huwapunja washiriki wenzake, ambao wamechangia kwa nia njema wakidhani hatari zao ziko sawa.

Dini yetu haikuyaacha mambo ya ahadi za mali yaelee katika midomo. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, iliyomo ndani ya Surat al-Baqarah, inahusu kuandika madeni na kuweka mashahidi. Fomu ya bima ni maandishi ya namna hiyo baina ya nyumba na kampuni, na baina ya nyumba na mpita njia asiyejulikana ambaye huenda siku moja akahitaji kufidiwa. Basi kabla tarehe ya kufufua haijafika, shukeni pamoja mpaka lilipo gari, mama, baba na vijana, mlitazame kama lilivyo leo, kisha ndipo kalamu ishikwe.