Kauboi, Mwindo na Dhana ya Ardhi Tupu

Katika riwaya na filamu za Marekani, mchunga ng'ombe, yaani kauboi, ni mhusika anayetambulika upesi kwa farasi, bastola na kofia pana. Mwaka 1883 William Cody, maarufu kwa jina la Buffalo Bill, alianza kuizungusha taswira hiyo mijini katika maonyesho yake, na baadaye sinema ikaieneza duniani. Katika miaka ya 1950 vijana wa Léopoldville, yaani Kinshasa ya leo, walijiita Mabill kutokana na jina hilo, wakaiga mavazi na mwendo wa mashujaa wa filamu. Makala haya yanaipima taswira hiyo katika sehemu ya Kongo ambako malisho na msitu hukutana kweli: Masisi na Walikale, Kivu ya Kaskazini.

Masisi ni nchi ya vilima na malisho mabichi. Mchungaji wa huko huenda kwa miguu, fimbo mkononi, na mara nyingi ng'ombe si wake bali ni wa tajiri akaaye mjini. Hafanani na kauboi wa filamu. Anafanana na kauboi wa historia, ambaye naye alikuwa kibarua wa mwenye mifugo.

Tofauti kubwa zaidi imo katika ardhi. Filamu hizo huionyesha nyika kana kwamba haina mwenyewe, na wenyeji wake kana kwamba ni kikwazo. Huko Kongo dai hilo lilikuwa sheria: amri ya Julai 1885 iliihesabu ardhi iliyoitwa tupu kuwa mali ya Dola. Kati ya 1937 na 1955 utawala wa Kibelgiji uliwahamishia Masisi maelfu ya Wanyarwanda, katika nchi ambayo machifu wa Wahunde walikuwa wakiigawa kwa desturi. Wahamiaji hao si walioitunga sheria. Kisha sheria ya Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa ya Serikali, na mashamba mengi ya walowezi yakaishia kwa wachache wenye vyeo. Migogoro ya ardhi na uraia ikaiva, hata Machi 1993 shambulio katika soko la Ntoto, Walikale, likafungua mauaji yaliyoenea hadi Masisi.

Walikale, hata hivyo, ina shujaa wake. Utenzi wa Mwindo wa Wanyanga, uliotambwa na Candi Rureke mwaka 1956 na kuchapishwa na Daniel Biebuyck na Kahombo Mateene mwaka 1969, humsimulia mtoto aliyezaliwa akishika usinga. Mwindo anamwua joka Kirimu. Lakini Nkuba, bwana wa radi na rafiki wa joka huyo, anampandisha mbinguni, anamtesa kwa mvua na jua, na kumkataza kuua wanyama. Mwindo anarudi akiwa mtawala mpole mwenye kuwapa watu wake sheria.

Kwa hiyo mashujaa hawa wawili hukabili swali moja kwa majibu tofauti. Kauboi wa filamu huja kuifuga nyika. Mwindo ndiye anayefugwa, akafunzwa kwamba msitu una wenyewe. Kwa msomaji wa Kiswahili, neno kama pori lastahili kutumiwa kwa uangalifu: huitaja hali ya mahali, wala halimwondolei mtu haki yake hapo.