Alimshika, Akamwachia!

Mpenzi msomaji, umewahi kumnunia mwenzako miezi 8 kwa kosa la sekunde 1? Mimi nimewahi, na sitajifanya malaika hapa. Nilinuna mpaka nikasahau nilianza siku gani.

Kisa chenyewe ni kiwanja. Kilikuwa kando ya barabara ya kutoka Kayanga kwenda Omurushaka, kimenyooka, maji karibu. Mume wangu alishapatana bei na mwenyewe, na hela tulikuwa nazo, tumezidunduliza kwenye mshahara wake wa ualimu na kahawa ya shambani kwao Nkwenda. Siku ya kulipa, akagundua karatasi za mauziano hazina muhuri. Mtu na hela zake mkononi, akasema, "Ngoja tusubiri Jumatatu ofisi zifunguliwe." Jumatatu kiwanja kikawa na mwenyewe mwingine, aliyelipa Jumapili jioni bila kuuliza muhuri wala nini.

Kuanzia hapo kila mahali nikawa naimba wimbo mmoja: "Ulishika, ukaachia." Kwenye kikoba nimesema. Kwa dada zake nimesema. Mbele ya watoto nimesema.

Sasa, Novemba iliyopita tulikuwa Nkwenda kwa wakwe, msimu wa senene, tumekaa uani tunawachambua mabawa na miguu. Shemeji yangu anayeishi Indianapolis, Marekani, alikuwa likizo. Jamaa amezimika na ule mpira wao wa kushika mkono, wanaovaa kofia ngumu na kugongana kama mafahali. Mimi najua Simba na Yanga, basi. Lakini akaniambia, "Shemeji, njoo nikuoneshe mtu wa huku kwetu." Akanipa simu yake.

Kwa faida ya ambao hamjaziona mechi hizo: timu inapewa majaribio 4 ya kusogeza mpira yadi 10, yaani kama mita 9. Ikishindwa, mpira unakwenda kwa wapinzani. Anayeongoza shambulizi anaitwa kwotabeki. Yeye ndiye anapewa mpira kila mara, anatazama nani yuko huru, anarusha au anakimbia nao mwenyewe. Ndiye staa, ndiye mwenye mkwanja mrefu, ndiye anayeoa mrembo wa mji. Upande wa pili kuna majitu yanayolipwa kwa kazi moja kubwa, kumwangusha huyo staa kabla hajautoa mpira. Ila wakimvamia akiwa ameshaurusha, filimbi inalia na timu yao inaadhibiwa yadi 15.

Video ilikuwa ya tarehe 26 Novemba 2006, mjini Nashville. Tennessee Titans wanacheza na New York Giants. Giants walikuwa wanaongoza 21-0 mpaka robo ya mwisho inaanza. Kisha Titans wakafufuka, ikawa 21-14. Dakika za mwisho, jaribio la 4, yadi 10 zote zinahitajika. Wakishindwa hapo, shughuli imekwisha.

Kwotabeki wa Titans ni Vince Young, kijana wa Houston. Anakimbiliwa na jitu lenye jezi namba 97. Linamfikia. Linamkumbatia mzima mzima, mikono yote miwili, kama mtu aliyemkuta ndugu yake stendi. Halafu, mpenzi msomaji, linamwachia! Young mwenyewe alionekana kama haamini. Akachomoka, akakimbia yadi 19. Titans wakasawazisha, wakaudaka mpira wa Giants, na sekunde za mwisho wakapiga wa mguu kutoka yadi 49. Mechi ikaisha 24-21.

Namba 97 alidhani mpira umeshatoka mkononi kwa Young. Aliogopa adhabu ya kumvamia mtu asiye na mpira, akaamua kuwa mwangalifu.

Nikacheka, nikamgeukia mume wangu. "Kumbe mko wengi!"

Hakusema kitu. Aliweka chini sinia la senene, akaondoka kwenda kuangalia ng'ombe ambao tayari walikuwa wameshafungiwa.

Shemeji akabaki anaitazama simu. Baba mkwe, ambaye tulidhani amesinzia, akauliza, "Huyo mchezaji umesema anaitwaje?"

"Kiwanuka, baba. Mathias Kiwanuka."

"Kiwanuka wa wapi?"

Wa Uganda. Alizaliwa Indianapolis mwaka 1983 kwa wazazi Waganda, na babu yake ni Benedicto Kiwanuka. Baba mkwe akakaa sawa. Sisi wa Karagwe na Kyerwa tunaishi na Uganda ng'ambo ya mto tu. Ukifika Murongo unaiona Kikagati kwa macho, na wazee wetu habari za kule walizifuata kama za nyumbani. Benedicto Kiwanuka alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa Uganda kwa wiki chache mwaka 1962, kabla Obote hajamshinda kwenye uchaguzi. Obote alikuja kumfunga mwaka 1969. Idi Amin akamtoa mwaka 1971, akamfanya jaji mkuu. Septemba 1972 watu wa Amin wakamfuata palepale Mahakama Kuu Kampala, wakamchukua, hakurudi tena. Alikuwa anataka sheria ifuatwe hata na wenye bunduki.

Mzee akanyamaza kidogo, akasema, "Sasa mnamcheka nini? Mjukuu wa jaji mkuu, asiogope filimbi?"

Tulicheka wote. Ila mimi kicheko changu kilikuwa kifupi, kwa sababu nilimwona mume wangu kwa mbali amesimama zizini na tochi, anamulika ng'ombe mmojammoja.

Usiku ule sikulala vizuri. Nilichukua simu nikaanza kufuatilia, unajua tena kazi yetu. Nilitaka kujua hawa wawili, aliyeachiwa na aliyeachia, maisha yaliwapelekaje.

Walikuwa wa rika moja kabisa, Kiwanuka wa Machi 1983, Young wa Mei mwaka huohuo. Waliingia ligi kuu ya kulipwa, NFL, mwaka mmoja, 2006, kwa ule utaratibu wa timu kuchagua vijana kutoka vyuoni. Young alichaguliwa wa 3, nchi nzima inamjua, kwa sababu Januari ya mwaka huohuo aliipa chuo cha Texas ubingwa dhidi ya USC, 41-38, kwa kuukimbiza mpira mwenyewe zikiwa zimebaki sekunde 19. Kiwanuka, kutoka Boston College, alikuwa wa 32, wa mwisho kabisa raundi ya kwanza.

Mwaka ule wa kwanza Young alitesa kweli. Akachukua tuzo ya mchezaji chipukizi bora wa ushambuliaji. Kiwanuka yeye, wiki moja tu baada ya mkasa wa Nashville, akaudaka mpira wa Tony Romo wa Dallas, akaanza kukimbia nao, ukamponyoka bila kuguswa na mtu. Hapo ungekuwa mwenzi wake ungesema nini? Mimi najua ningesema nini, na si maneno ya kuandika gazetini.

Lakini Giants hawakumtupa. Mwaka 2007 wakambadilisha namba, wakamrudisha nyuma kidogo. Akaanza kuizoea, Novemba akavunjika mguu huko Detroit. Kwa hiyo tarehe 3 Februari 2008 Giants walipoingia fainali dhidi ya New England Patriots, waliokuwa hawajafungwa msimu mzima, yeye hakucheza.

Na hapa ndipo nilipoketi kitandani. Dakika za mwisho Giants wako nyuma 14-10. Kwotabeki wao, Eli Manning, anashikwa jezi na mabeki wa Patriots. Wanamvuta, wamempata kabisa. Anachomoka! Anarusha mpira mrefu, David Tyree anaudaka kwa kuubana kwenye kofia yake, na muda mfupi baadaye Giants wanashinda 17-14. Timu iliyolia kwa sababu kwotabeki wa watu aliponyoka, ikapata ubingwa kwa sababu wa kwao aliponyoka. Na wale mabeki wa Patriots hawakuogopa filimbi wala nini, jezi tu iliwatoka mikononi.

Mambo ya Young yalienda kombo taratibu. Mwaka 2008 aliumia goti mechi ya kwanza tu, nafasi yake ikachukuliwa na Kerry Collins. Mwaka 2009 akarudi kwa kishindo, akaitwa tena kwenye timu ya nyota wa ligi. Mwaka 2011 Titans wakaachana naye, akaenda Philadelphia, na huo ndio ukawa msimu wake wa mwisho wa kucheza mechi za ligi, ana miaka 28. Mwaka 2013 alimaliza shahada aliyoiacha chuoni, na mimi kwa hilo namvulia kofia. Mapema mwaka 2014, baada ya mamilioni yote yale ya dola, akaomba mahakama imtambue kuwa amefilisika.

Kiwanuka alicheza misimu 9, yote Giants. Mwaka 2010 alipata tatizo la shingo, msimu ukakatika. Akapona. Tarehe 5 Februari 2012, mwaka uleule Kyerwa ilipokatwa kutoka Karagwe ikawa wilaya, Giants walikutana tena na Patriots kwenye fainali. Safari hii alikuwa uwanjani. Walishinda 21-17, na mji wa fainali ulikuwa Indianapolis, alikozaliwa.

Mambo haya yote nilimsimulia mume wangu asubuhi, tukiwa njiani kurudi Kayanga. Alisikiliza bila kuniangalia. Nilipofika kwenye mguu uliovunjika akauliza, "Na walimlipa?" Nikamwambia walimlipa. Akatikisa kichwa, akaendelea kuendesha.

Kabla hatujafika Kayanga tukapita kwenye kile kiwanja. Yule bwana ameshapanda msingi, matofali yamepangwa, na mlinzi ana kibanda. Kwa kawaida hapo ndipo ninapoanza wimbo wangu. Nilifungua mdomo, kweli nilifungua.

"Ule muhuri," nikasema, "ungekuwepo ungelipa siku ileile?"

"Ningelipa Ijumaa ileile."

"Mbona hukuniambia?"

"Nilikuambia," akasema. "Ulikuwa kwenye kikoba, unawaambia wenzako nimeachia."

Tuna kiwanja kingine tunakifuatilia sasa, upande wa Bugene, kidogo kina mteremko. Karatasi zake anazo yeye. Mimi kazi yangu wiki hii ni kwenda kwa wifi zangu, mmoja baada ya mwingine, na nimeanza na yule mkali.