Mguu Uliopasuliwa na Pumzi Inayokatika Ghafla

Kijana wa miaka 25 amewekewa chuma pajani baada ya ajali ya pikipiki. Karudi kwao mtaa wa Ndosho, Goma, kidonda kinakauka vizuri, na wiki ya pili anaanguka akihangaika kuvuta pumzi. Akifa, mtaani neno la kwanza huwa karuho, yaani sumu. Sumu imekuwa jibu la kila kifo cha ghafla, na jirani asiye na hatia hubeba lawama ya donge la damu.

Katika karne ya 19, daktari Mjerumani Rudolf Virchow alionyesha kuwa damu iliyoganda kwenye vena za mguu huweza kung'oka, ikapita moyoni na kuziba mishipa ya mapafu. Hatari huja damu inapokwenda polepole, ukuta wa mshipa unapoumia, au damu yenyewe inapokuwa tayari kuganda. Paja au nyonga ikivunjika, yote matatu hufika pamoja: mgonjwa amelala, mishipa imepondwa, na mwili umeamsha kila ulichonacho kuzuia asitoke damu.

Ujana hupunguza hatari hiyo, lakini hauifuti. Utafiti wa Marekani na Kanada uliochapishwa mwaka 2023 uliwafuatilia majeruhi wa mifupa zaidi ya 12,000, wenye wastani wa miaka 45 hivi, wote wakitumia dawa ya kuzuia damu kuganda. Hata hivyo, karibu watatu katika kila 200 walipata donge mapafuni ndani ya siku 90. Kwa sisi wa Kivu, habari kubwa zaidi ilikuwa nyingine: waliomeza aspirini hawakufa zaidi ya waliochomwa sindano za enoksaparini, ingawa madonge ya miguuni yaliongezeka kidogo. Kidonge kinapatikana hata pale sindano ya kila siku inapomshinda mtu bei. Si ruhusa ya kujinunulia, maana dawa hizi huongeza kutoka damu, na majeruhi wa risasi mwenye kidonda kibichi huenda akalazimika kusubiri.

Aliyefanyiwa upasuaji mdogo wa mkono hana haja ya kukosa usingizi. Ila mwambie daktari kabla ya kupasuliwa kama una selimundu (SS), umejifungua karibuni, unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, au ndugu yako aliwahi kupata donge la damu.

Chuma ndani ya mfupa kina faida isiyosemwa sana: mara nyingi humwezesha mgonjwa kusimama baada ya siku chache, wakati kuvutwa mguu kwa uzito humlaza wiki 6 au zaidi. Tatizo letu huanza nyumbani. Magongo na mawe ya volkano ya Nyiragongo hayapatani, kwa hiyo kijana hushinda godoroni akihudumiwa kila kitu. Mapenzi ya namna hiyo ni mabaya. Atembezwe ndani ya nyumba kadiri daktari alivyoruhusu, na akiwa kitandani achezeshe vifundo vya miguu kila saa.

Shavu la mguu mmoja likivimba, likapata joto na kuuma, msilikande kwa maji moto wala kulichua. Mpelekeni apimwe kwa ekografia. Akikosa pumzi ghafla, akachomwa kifuani anapovuta hewa, akakohoa damu au kuzirai, ni hospitali saa ile ile, hata kama ni usiku, na waganga waambiwe mlangoni kwamba alipasuliwa mfupa na lini.