Sindano za "Kujenga Upya" Mgongo: Uliza Haya Kabla ya Kulipa

Mtu aliyeumwa na mgongo kwa miaka huwa tayari kujaribu lolote. Amemeza dawa, amechuliwa kwa mafuta, amevaa mkanda wa kiuno, na bado akiamka asubuhi hushika ukuta ndipo asimame. Akisikia kuna sindano inayojenga upya mgongo bila upasuaji, ni rahisi atoe akiba yote ya chama au familia ianze kuchangisha.

Makala haya yanawaeleza wakazi wa Nyali na maeneo jirani sindano hizo ni nini, utafiti umefikia wapi na mgonjwa aanzie wapi. Kwa ufupi: bado hakuna ushahidi wa kutosha kwamba zinaponya maumivu sugu ya mgongo, na zipo njia za gharama ndogo zilizo na ushahidi mzuri zaidi.

Kwa nini mgongo unauma

Uti wa mgongo umejengwa kwa pingili za mfupa zilizopangwa moja juu ya nyingine. Kati ya pingili na pingili kuna diski, ambayo ni kama mto mdogo unaopunguza mshtuko. Pingili hushikiliwa na kano na misuli. Diski ya mtu mzima hupata damu kidogo sana, ndiyo maana ikichakaa haijirekebishi upesi.

Maumivu yanayozidi miezi mitatu huitwa sugu. Shirika la Afya Duniani, WHO, linakadiria kuwa watu milioni 619 walikuwa na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Takriban wagonjwa tisa kati ya kumi hawana ugonjwa mmoja mahususi unaoweza kutajwa kuwa ndio chanzo. Misuli iliyodhoofika, kazi ya kuinama au kuketi muda mrefu, msongo wa mawazo na kukosa usingizi huchangia kwa pamoja. Hali hii wanaijua wabeba mizigo wa soko la Kongowea, madereva wa tuktuk na bodaboda, na mafundi cherehani.

Jambo jingine la kujua ni kwamba picha za eksirei na MRI huonyesha diski zilizochakaa hata kwa watu wasiohisi maumivu yoyote. Ukionyeshwa diski iliyochakaa kwenye picha, hiyo pekee haithibitishi kuwa ndiyo inayokuumiza, wala kwamba sindano ndani yake itakuponya.

Aina tatu za sindano

Ya kwanza huitwa kwa kifupi PRP. Mgonjwa hutolewa damu mkononi, damu huzungushwa kwa kasi kwenye mashine ili kutenga sehemu yenye wingi wa chembe ndogo zinazogandisha damu, kisha sehemu hiyo hudungwa mahali panapouma. Chembe hizo hutoa kemikali zinazosaidia kidonda kupona, na matumaini ni kwamba zitafanya vivyo hivyo kwenye diski au kano.

Ya pili ni ya seli shina, yaani chembe changa zinazoweza kukua na kuwa chembe za aina nyingine. Huchukuliwa kwenye uboho wa mfupa wa nyonga au mafuta ya mgonjwa mwenyewe. Wengine huuza bidhaa zilizotengenezwa kwa damu ya kitovu cha watoto wachanga.

Ya tatu ni sindano za maji ya sukari yenye nguvu, aina ya glukosi, zinazodungwa kwenye kano ili kuamsha mwili ujirekebishe. Daktari Mmarekani George Hackett alizieneza tangu miaka ya 1950.

Usizichanganye hizi na sindano ya steroidi ambayo wataalamu huitumia kupunguza uvimbe kwenye mshipa wa fahamu uliobanwa. Hiyo hutuliza kwa muda, haijengi kitu upya.

Utafiti unasema nini

Kuhusu sindano za sukari, uchambuzi wa shirika la Cochrane uliotolewa mwaka 2007 ulikusanya tafiti tano. Uligundua kuwa sindano hizo peke yake hazikusaidia maumivu sugu ya kiuno. Pale zilipoambatana na mazoezi na tiba nyingine, baadhi ya wagonjwa walipata nafuu, na haikuwa rahisi kujua nafuu hiyo ilitokana na nini.

Tafiti za PRP na seli shina kwa mgongo zipo, na baadhi zina matokeo ya kutia moyo. Lakini nyingi zimehusisha watu wachache na kila timu imetayarisha sindano kwa njia yake, hivyo ni vigumu kulinganisha matokeo. Hadi sasa, mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, haijaidhinisha bidhaa yoyote ya seli shina kwa maumivu ya mgongo.

Hatari zilizopo

Sindano yoyote ndani ya mgongo inaweza kuingiza vijidudu, kusababisha damu kuvuja au kugusa mshipa wa fahamu. Maambukizi ndani ya diski ni magumu kutibu na huhitaji dawa za viuavijasumu kwa wiki nyingi.

Mwaka 2018 nchini Marekani, wagonjwa 12 katika majimbo ya Texas, Florida na Arizona walilazwa hospitalini kwa maambukizi ya bakteria baada ya kudungwa bidhaa zilizotokana na damu ya kitovu. Walikuwa wametafuta nafuu ya maumivu, ikiwemo ya mgongo na viungo.

Hatari nyingine ni kuchelewa. Kifua kikuu kinaweza kushambulia uti wa mgongo, hata kwa mtu asiyekohoa. Anayedungwa sindano mwezi baada ya mwezi bila kupimwa anaweza kufika hospitalini pingili zikiwa zimeshaharibika. Matibabu ya kifua kikuu hutolewa bila malipo katika vituo vya umma.

Yenye ushahidi mzuri zaidi

Desemba 2023 WHO ilitoa mwongozo wa kutibu maumivu sugu ya kiuno kwa watu wazima. Unapendekeza mgonjwa aelimishwe kuhusu hali yake, apewe mpango wa mazoezi, na ikihitajika apate tiba ya viungo kama kuchuliwa, msaada wa kisaikolojia, au dawa za kupunguza uvimbe na maumivu kwa uangalizi. Dawa hizo zinaweza kudhuru tumbo na figo na kupandisha presha, kwa hivyo usizinunue dukani na kuzimeza mwezi mzima bila ushauri.

Mwongozo huo haupendekezi mikanda ya kiuno, kuvutwa mgongo kwa mashine, wala dawa kali za jamii ya afyuni kwa matibabu ya kawaida ya maumivu haya.

Kulala kitandani siku nyingi hudhoofisha misuli. Tembea kila siku kadiri unavyoweza, badilisha mkao kazini, na gawanya mzigo mzito uwe safari mbili. Mazoezi huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuonyesha faida, hivyo usikate tamaa mapema.

Nenda hospitali siku hiyo hiyo ukiona haya

• Kushindwa kuzuia mkojo au choo, au mkojo kugoma kutoka.
• Ganzi sehemu za siri au katikati ya mapaja.
• Mguu kuishiwa nguvu ghafla.
• Maumivu makali baada ya kuanguka au ajali.
• Homa pamoja na maumivu ya mgongo.

Ukipungua uzito bila sababu, ukitoka jasho usiku, au uliwahi kuugua saratani, mweleze mhudumu wa afya bila kuchelewa.

Haki yako kisheria

Sheria ya Afya ya mwaka 2017 inamtaka mtoa huduma akueleze hali yako, matibabu yaliyopo, faida, hatari na gharama za kila moja, na haki yako ya kukataa. Inapowezekana, akueleze kwa lugha unayoielewa. Kabla ya kukubali sindano, uliza:

1. Ugonjwa wangu unaitwaje, na umethibitishwaje?
2. Unanidunga nini hasa, na kimetoka wapi? Kama ni bidhaa ya chupani, je, imesajiliwa na Bodi ya Famasia na Sumu?
3. Wewe na kliniki hii mna leseni ya mwaka huu? Leseni za madaktari na vituo hutolewa na Baraza la Madaktari, KMPDC, na unaweza kuzihakiki kwenye tovuti yake.
4. Nitahitaji sindano ngapi, na jumla ya gharama ni kiasi gani?
5. Nikipata madhara, nani atanitibu na kwa gharama ya nani?
6. Je, huu ni utafiti? Kama ndiyo, nionyeshe kibali cha kamati ya maadili na fomu ya ridhaa.

Akikuahidi kupona kabisa, au akitaka ulipe leo ili upate punguzo, ondoka ukafikirie. Maumivu sugu si dharura ya kuamuliwa kwa saa moja.

Pa kuanzia

Anza kwenye zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe, kama kile cha Kongowea. Beba kitambulisho na uhakikishe umejisajili na Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, kwa kuwa huduma za msingi za zahanati na vituo vya afya hugharamiwa kwa waliojisajili. Ukihitaji mtaalamu wa viungo au wa mifupa, omba barua ya rufaa kwenda hospitali ya ngazi ya juu, ikiwemo Hospitali Kuu ya Pwani. Kama tayari umedungwa na una homa, uvimbe au maumivu yaliyozidi, usisubiri tarehe ya sindano inayofuata; nenda hospitali leo na ueleze ulichodungwa na ulidungwa lini.