Kambove: Bulo ikikataa kuingia, fundi asiilazimishe

Kufungua motere ya gari la zamani ni kazi ya siku moja. Kuirudisha ndiyo kazi yenye hatari. Kambove, mji wa shaba ulio jirani na Likasi katika jimbo la Haut-Katanga, gari moja la zamani laweza kulisha nyumba nzima: asubuhi linabeba mifuko ya makala, mchana unga, jioni abiria. Uzi wa bulo moja ukiharibika ndani ya bloku, gari hilo linasimama. Bloku nyingine ya aina hiyo haipatikani kila mahali, na ikipatikana bei yake yaweza kuwa kubwa.

Ndiyo sababu fundi mwenye uzoefu, bulo ikimkatalia, haendi kutafuta bomba la kurefusha kle. Anaitoa na kuiangalia. Bulo inayokataa ina sababu yake: uzi wake si wa tundu hilo, tundu ni chafu, au imeanza upande.

Milimita na inchi

Katanga, sababu ya kwanza ni ya kawaida, na ina historia. Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906 na Wabelgiji wa Société Générale pamoja na Tanganyika Concessions, kampuni ya Mskoti Robert Williams. Kwa miaka mingi iliyofuata, magari na mashine zilizoingia katika migodi, misheni na mashamba ya eneo hili hazikuwa za kiwanda kimoja wala za nchi moja. Wabelgiji, Wafaransa na Wajerumani hupima bulo kwa milimita. Waingereza na Wamarekani walipima kwa inchi.

Hata wenye inchi hawakupatana zamani. Joseph Whitworth alitoa kipimo chake Uingereza mwaka 1841, uzi wenye pembe ya digrii 55. Marekani walichukua digrii 60. Mwaka 1948 tu ndipo Uingereza, Marekani na Kanada walikubaliana uzi mmoja wa digrii 60. Mwaka huohuo Land Rover ya kwanza ilianza kuuzwa. Kwa hiyo Land Rover za mwanzo zina bulo nyingi za kipimo cha zamani cha Kiingereza, na zilizofuata zina za kipimo kipya.

Mtego uko hapa. Bulo ya 5/16 ya inchi ina unene wa milimita 7.94. Kwa macho ni sawa na bulo ya milimita 8 inayouzwa sokoni. Lakini katika uzi mwembamba wa kipimo kipya cha inchi, kila mzunguko husogeza bulo milimita 1.06; ile ya milimita 8 ya kawaida husogea 1.25. Ukiiweka katika tundu la kipimo hicho cha inchi, inakubali mzunguko mmoja au miwili, kisha inakaza. Ukiongeza nguvu, inaendelea, lakini inakata uzi wa bloku.

Kle nayo hudanganya. Kichwa cha bulo hiyo ya inchi kinataka kle ya nusu inchi, yaani milimita 12.7. Kle ya 13 inaingia vizuri, lakini nafasi ile ndogo inatosha kulainisha kona za kichwa. Siku nyingine hakuna kle itakayokishika.

Mkono kwanza, kle baadaye

Kabla ya kufunga, kila tundu lisafishwe. Asiye na taro anaweza kuchukua bulo nzuri ya zamani yenye uzi uleule, aikate mifereji miwili kwa urefu kwa msumeno wa chuma, aipake mafuta na kuizungusha polepole. Mifereji hiyo inakusanya kutu na uchafu.

Tundu lisilotokea upande wa pili likaushwe kabisa. Mafuta au maji yakibaki chini, bulo inayashindilia kama pampu, na bloku yaweza kupasuka fundi akidhani anakaza kulase.

Kisha bulo izungushwe kwanza kinyume, taratibu, mpaka isikike ikidondoka kidogo mahali uzi unapoanza. Hapo igeuzwe na kuingizwa kwa vidole. Bulo ambayo vidole haviwezi kuipeleka mizunguko mitatu au minne haijawa tayari kwa kle.

Bulo za kulase hukazwa kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa hatua, kwa kle dinamometriki. Sehemu kubwa ya nguvu ya mkono huliwa na msuguano; karibu sehemu moja tu kati ya kumi ndiyo hubana kulase. Uzi wenye kutu hula hata hiyo moja: kle inasema imetosha, lakini kulase haijabanwa, na jointi itaungua.

Shaba inapolainika

Katika mji wa shaba, kuna jambo moja lisilo na gharama. Pete ya shaba ya kizibo cha mafuta au ya injekta hugumu ikishabanwa, na ikirudishwa hivyo inavuja. Ichomwe mpaka iwe nyekundu, kisha itumbukizwe katika maji. Chuma cha pua cha patasi kingegumu kwa kufanyiwa hivyo. Shaba inalainika na kuziba tena, mradi haijapinda wala kukatika.

Kwenye bomba la moshi, ekru za shaba ya manjano ni bora kuliko za chuma, maana hazigandi kwa kutu juu ya gujoni. Atakayefungua motere hiyo baada ya miaka kumi atashukuru.

Na ikiwa gujoni imeshakatika ndani? Fundi anaweza kuchomelea ekru juu ya kipande kilichobaki na kukitoa kingali na moto. Ikishindikana, bloku ipelekwe kwa mwenye mashine ya kukereza chuma, tundu lipanuliwe na kuwekwa uzi mpya. Hiyo ni gharama na siku kadhaa bila kazi. Kuitoa bulo na kuipima uzi kunachukua dakika tano.