Je, Wajua? Chipu moja, njia mbili za umeme

Huko Alunguli, komini ya mji wa Kindu iliyo kwenye ukingo wa kulia wa mto Lualaba, kidhibiti cha sola kinachosoma volti vibaya huua betri. Vidhibiti vingi vya aina hiyo vina maikrokontrola ndani, yaani chipu inayopima na kuamua.

Chukua maikrokontrola ya ATmega328P, ile ya bodi ya Arduino Uno. Sehemu yake ya dijitali hupokea umeme kwenye mguu wa VCC, na ya analogi, ile inayopima volti, kwenye AVCC. Kwa nini zitenganishwe? Dijitali hujiwasha na kujizima mamilioni ya mara kwa sekunde, na kila mara umeme hutikisika. Analogi, yenyewe, hugawa volti 5 katika ngazi 1024, kila moja chini kidogo ya milivolti 5. Mtikisiko mdogo tu, kipimo kimepotoka!

Mtengenezaji wa chipu hushauri AVCC ipate umeme kutoka VCC kupitia koili ya maikrohenri 10, pamoja na kapasita ya nanofaradi 100 kwenda graundi. Usiache AVCC wazi hata kama hupimi chochote: miguu PC0 hadi PC3 nayo hulishwa na AVCC. Ukiwasha taa hapo wakati chipu inapima, umerudisha fujo ileile.